Taulo ya moto kabla ya harusi: fundi anamjibu kijana wa Kondele

Kijana mmoja wa Kondele hapa Kisumu ameniandikia, nimefupisha kidogo: "Fundi habari. Naoa mwanzo wa Desemba, harusi iko Kakamega. Nikinyoa ndevu na wembe nyumbani natoka vipele shingo yote, ata saa hii niko navyo. Kuna kinyozi taoni anataka bob 800 anifanyie ile ya taulo ya moto na wembe, anasema vipele vitaisha. Ni ukweli ama ni kula pesa? Na nifanye asubuhi ya harusi yenyewe? Mzee wangu pia anataka anyolewe hivyo na yeye ako na sukari."

Mdogo wangu, kwanza hongera, kuoa ni jambo. Nikujibu haraka alafu tueleweshane polepole: taulo ni ya ukweli na inafanya kazi kubwa kuliko watu wanavyofikiria. Lakini mtu akikuambia wembe utamaliza vipele, huyo anakuuzia, juu kwa nywele kama zako wembe ndio unaletanga hivyo vipele. Na asubuhi ya harusi usijaribu kabisa, nakuomba. Mzee nitamfikia mwisho, yake ni tofauti kidogo.

Mimi nimenyoa watu miaka 19, nilianzia Nakuru nikahamia Kisumu, na kama kuna kitu kimoja ningetaka kila mwanaume ajue kabla hajakaa kwa kiti ni hiki: ndevu zinanyolewa na maji, wembe unakuja kuokota tu. Wazee walisema mwenzako akinyolewa chako tia maji. Sisi tunaitumianga kuonyana, ati shida iko kwa jirani leo kesho iko kwako, lakini mi nikiiskia naskia somo la kazi. Aliyeisema alijua huwezi kuleta wembe kwa kitu kikavu.

Sababu ni hii. Unywele wa kidevu ukiwa mkavu ni mgumu sana, unakaribia waya wa shaba wa unene kama wake, na wembe ukipita unauvuta kwanza kabla haujaukata, ngozi inainuka nao, hapo ndio unaskia ule moto na kesho yake ngozi imekasirika. Lakini unywele unapenda maji. Ukiuloweka unakunywa karibu theluthi ya uzito wake, unavimba, unalegea, unakatika kirahisi. Shida ni kwamba uso unatoa mafuta yake na hayo mafuta yamefunika kila unywele, maji ukijimwagia tu yanateleza vile yanateleza kwa jani la nduma. Joto ndio linalegeza mafuta, na taulo yenyewe inashikilia maji hapo kwa uso yasikimbie. Hii inataka muda, dakika tatu hivi za joto kwenda juu, na taulo moja haiwezi kukaa moto dakika tatu kwa hivyo lazima ibadilishwe. Ukiona umewekewa taulo moja sekunde ishirini alafu wembe umeshafika shavuni, hapo umepanguswa tu, bob 800 imeenda.

Utaskia pia ati taulo ya moto inafungua vitundu vya ngozi na maji baridi inavifunga. Vile vitundu havina misuli ya kufunguka na kufunga kama mlango. Kinacholegea ni mafuta, uchafu na unywele wenyewe, na hiyo inatosha, hakuna haja ya kuongezea hadithi.

Mzee aliyenifunza kazi Nakuru alikuwa anakaa nyuma ya duka na kikombe chake cha chai, ametupea mgongo, anasoma gazeti. Mimi nanyoa mteja huku mbele. Ghafla naskia, bila yeye kugeuka, "Rudisha taulo." Nilidhani ana kioo mahali amekificha. Hapana, alikuwa anaskiza. Ndevu zilizolowa vizuri wembe unatoa kasauti kembamba, sss, kama mtu anapasua kitambaa laini chumba cha pili. Zikiwa hazijaiva unaskia kwaru kwaru, ile ya mwiko ukikwangua ukoko chini ya sufuria ya ugali. Ilinichukua kama mwaka mzima kuiskia mwenyewe, na mpaka leo redio ikiwa juu sana naipunguza nikishika wembe. Wewe ukikaa kwa kiti skiza pia, masikio yako yako karibu na huo wembe kuliko ya fundi. Ukiskia ukoko mwambie arudishe taulo, usione haya, ni uso wako.

Sasa vile inafaa kufanywa. Kama ndevu ni ndefu anaanza na mashine kuzipunguza zikiwa kavu, mashine haipendi unyevu. Alafu uso unaoshwa na sabuni ya uso, sio ile ya kipande ya kufulia, hiyo ni kali inakausha ngozi kabla ata kazi haijaanza. Ndio taulo sasa. Taulo ya pamba, imetoka kwa sufuria ama ile mashine ya mvuke, imekamuliwa mpaka haidondoki, juu maji ya moto yakidondoka shingoni ndio yanachoma mtu. Fundi mzuri anaikunjua hewani mara moja mbili, mvuke mkali utoke, alafu anaiweka kwanza kwa mkono wake mwenyewe hapa ndani karibu na kiganja. Kama mkono wake hauwezi kuvumilia, uso wako pia hauwezi. Katikati ya taulo inakaa chini ya kidevu, ncha mbili zinapanda mashavuni zinapishana juu kwa paji la uso, pua inabaki nje. Anabonyeza polepole kwa taya na chini ya mdomo wa chini, hapo ndevu ni ngumu kuliko kwingine. Ikianza kupoa inatoka, ya pili inaingia. Nakuru mwezi wa saba taulo inapoa haraka vibaya, kule nilikuwa natumia nne. Kisumu saa nane mchana mbili tatu zinatosha, na mteja mwenyewe anatoka jasho ni feni inamsaidia.

Wengine wanaweka majani ya mkaratusi ndani ya maji, ile harufu ya kujifukiza ukiwa na homa. Naipenda na wateja wanaipenda, mtu analala usingizi hapo hapo. Kwa ndevu haifanyi kitu chochote, na kama ngozi yako inawashwa haraka mwambie aache.

Baada ya taulo ya mwisho povu lipakwe haraka uso ukiwa bado na unyevu. Povu la brashi ni bora kuliko la kopo la kubonyeza, juu brashi ikizunguka inanyanyua nywele zilizolala na kuingiza povu chini yake. Na maji ya mvua yanatoa povu zito sana, yale ya kisima chenye chumvi utasugua mpaka uchoke. Mimi msimu wa mvua nakinga ndoo chini ya mabati, nachuja, nachemsha, naweka, na wateja wangu wa zamani wanajua siku za maji ya mvua wakigusa tu povu.

Alafu wembe. Unainama kama digrii 30 hivi na ngozi, uzito wa mkono hautumiki, ni wembe kujiendea. Kabla ya hapo fundi anapitisha kidole kavu kwa shingo yako kujua nywele zinalala upande gani. Hapa ndio wengi wanaharibu. Shavuni nywele za karibu kila mtu zinashuka chini, lakini shingoni kila mtu na yake, wengine zinapanda juu, wengine zinaenda upande wa sikio, kuna mteja wangu mmoja upande wa kushoto wa koo zinazunguka kama kimbunga. Ukinyoa shingo yote kwenda juu kwa sababu ndio umezoea kuona, nusu umeinyoa vizuri na nusu umeirudisha ndani.

Na hiyo kurudi ndani ndio jibu la vipele vyako. Nywele zetu za kipilipili zimejikunja kuanzia kwa mzizi. Ukizikata karibu sana na ngozi, ncha inabaki imechongoka kama mkuki, ikianza kukua inajikunja na kuchoma ngozi ya jirani, inaingia kama mwiba. Mwili unaona mgeni umeingia, unapigana naye, unavimba, usaha kidogo, doa jeusi linabaki. Hiyo ni njia moja. Ya pili ni mbaya zaidi: mtu anavuta ngozi kwa nguvu ndio wembe ukate chini kabisa, akiiachilia unywele unazama chini ya ngozi, alafu unakua huko huko ndani bila ata kutoka nje. Kule kunyoa kwa kawaida kwa wembe, vile kumefundishwa miaka nyingi, ni kuvuta ngozi na kupita mara tatu, kufuata nywele, kukata upande, alafu kurudi kinyume. Mtu mwenye nywele zilizonyooka anatoka hapo laini kama mtoto, hana shida. Kwa nywele zako hiyo mara ya tatu ni kuomba vipele. Wewe mwambie fundi hivi kabla hajaanza, kwa maneno haya: nipitie mara moja, fuata mlalo wa nywele, usivute ngozi sana, na usirudi kinyume. Ukipapasa baadae utaskia vijinywele kidogo sana. Hizo ndizo zitakuokoa, macho ya watu kwa picha hayataziona.

Na sasa hivi ukiwa na vipele, usinyolewe na mtu yeyote. Wembe ukipita juu ya kipele unakikata kichwa, unasambaza usaha. Acha ndevu zikue, ata kama fiansee analalamika. Ndevu zinakua kama sentimita moja kwa mwezi, na zikifika hapo zile zilizojikunja ndani nyingi zinajichomoa zenyewe, ni urefu unazivuta. Usichokore na sindano wala kibanio. Asubuhi na jioni weka kitambaa cha maji ya moto kiasi dakika tano, hiyo peke yake inatuliza. Na tafadhali zile krimu za tyubu ndogo za kununua dukani bila kuuliza, zenye steroidi ndani, achana nazo, vipele vinalala siku tatu alafu ngozi inaanza kuwa nyembamba na kubadilika rangi. Kama baada ya mwezi shingo bado ina vinundu vigumu, ama nyuma ya kichwa kumeanza kutoka vile vinavyokuwa makovu manene, enda kwa daktari wa ngozi, hapo kinyozi hana dawa, ata mimi nikikuona nitakurudisha. Mashilingi, yale madoa ya mviringo ya ngozi, pia ni hivyo hivyo, tibu kwanza.

Wacha nikuambie pia kwa nini unapata hii kitu kama ni ya kifahari, juu zamani kunyolewa na kinyozi ndio ilikuwa kawaida. Kujinyoa na wembe mrefu wa kukunja ilitaka mkono uliozoea, kwa hivyo wanaume wengi walikuwa wanaenda dukani mara kadhaa kwa wiki. Alafu Marekani akatokea King Gillette na mashine ya kushika wembe mwembamba wa kutupa. Mwaka wa kwanza wa kuuza, 1903, zilienda mashine 51 na nyembe 168 tu. Lakini vita vya kwanza vya dunia vilipofika, jeshi la Marekani likapea kila askari ya kwake, mamilioni, juu ndevu zilikuwa zinafanya barakoa ya gesi isishike uso vizuri. Wanaume wakarudi nyumbani wanajua kujinyoa. Vinyozi wakabaki na nywele za kichwa, na kazi ya wembe na taulo ikaanza kusahaulika. Ndio maana vijana wengi wa vinyozi leo ni hodari sana na mashine, wanakuchorea laini imenyooka kuliko rula, lakini wembe wamejifunza kwa video. Uliza fundi wako amenyoa ndevu ngapi na wembe, wala hatakasirika kama anajua kazi.

Sasa mambo ya usafi, na hapa nitakaza sauti kidogo kwa sababu nimeona vitu. Kuna duka moja nilifanya kazi zamani, silitaji, taulo zilikuwa sita kwa siku nzima na karai moja chini ya meza. Taulo inatoka kwa uso wa mtu, inachovywa kwa karai, inakamuliwa, inapashwa moto, inaenda kwa mwingine. Jioni yale maji yalikuwa rangi ya kijivu na vijinywele vinaelea juu, na harufu ya Dettol ilikuwa kali kwa hivyo kila mteja alidhani pako safi. Nilitoka hapo baada ya wiki tatu. Harufu ya dawa haioshi taulo. Taulo ikishatumika inaenda kwa ndoo ya nguo chafu, inafuliwa na maji ya moto, inakauka kabisa ndio inarudi. Wewe ukifika duka angalia tu hiyo, ziko taulo ngapi kavu zimekunjwa, na ile iliyotoka kwa uso wa mtu imeenda wapi. Hautahitaji kuuliza kitu kingine.

Wembe ni mpya, na unafunguliwa ukiona. Tunatumia ule wa pande mbili, unavunjwa katikati ukiwa bado ndani ya karatasi yake, tak, nusu inaingia kwa holda. Uangalie hiyo karatasi ikichanwa. Ukikuta wembe umeshakaa kwa holda ati "niliweka sasa hivi", mwambie aweke mwingine, wembe ni shilingi chache. Homa ya ini aina ya B inakaa kwa kitu kikavu siku 7 na bado inaweza kuambukiza, damu yenyewe huioni kwa macho. Upande wetu huu tunaelewa. Kwa liedo, kunyoa kichwa baada ya mazishi, zamani wembe mmoja ulikuwa unazunguka familia nzima, na watu wamebadilika. Kule Bungoma tohara za Agosti pia ujumbe ni kila kijana na kisu chake. Haiwezekani tufike hapo alafu kwa kinyozi tukae kimya. Chanjo ya hiyo homa ya ini iko, sindano tatu ndani ya miezi sita, mimi nilichoma na ningetaka kila kinyozi achome.

Ile kaboksi ya kuua vijidudu kwa vifaa, yenye taa ya bluu pale kwa kona, watu wanaiamini sana. Hiyo taa inaua tu pale inapomulika, na nywele ama mafuta yakibaki kwa kifaa yanaweka kivuli, vijidudu vinakaa hapo salama kabisa. Kifaa kinafaa kupigwa brashi na kuoshwa na sabuni kwanza. Mimi vya plastiki naloweka kwa Jik, ile ya asilimia 3.5, sehemu moja kwa maji sehemu sita, dakika 10, alafu nasuuza, chuma hakipendi Jik kitashika kutu. Vya chuma nachemsha dakika 20 kamili, juu sisi hatuko Mombasa, Kisumu maji yanachemka kama digrii 96 na Nakuru yanashuka kama 94, ukitoa tu yakianza kutokota haujafanya kitu.

Ukimaliza kunyolewa inakuja taulo ya maji baridi, hiyo ni ya kutuliza, alafu shabu, lile jiwe jeupe linaloonekana kama barafu, linapitishwa likiwa na maji. Shabu ni rafiki mkweli. Mahali litakapowasha ndio wembe uligusa ngozi, fundi anajifunza kutoka uso wako. Linafunga vijikato na damu inakoma. Spiriti ya kuunguza mimi nimeacha kabisa usoni, inakausha ngozi na wanaume wanakunja uso wakidhani maumivu ndio usafi. Maliza na glisirini kidogo iliyochanganywa na maji, ama krimu isiyo na manukato. Hiyo siku usijipake pafyum shingoni. Na usipande boda saa ile ile kama una safari ndefu, vumbi na jua ni mambo, lakini kibaya zaidi ni ule mkanda wa helmeti, umeshikwa na shingo za watu wengi sana na unasugua pale pale umenyolewa.

Kwa harusi tupange hivi. Kuanzia leo acha ndevu mwezi mzima, shingo ipone. Alafu wiki mbili tatu kabla ya harusi enda ujaribu mara moja, kwa fundi yule yule utakayetumia, na umwambie yale maneno niliyokupa. Subiri siku nne tano. Vipele vya wembe havitoki siku hiyo, vinachukua siku mbili tatu, unywele ufikie urefu wa kuchoma, kwa hivyo usishangilie kioo cha jioni ile. Kama shingo imekaa safi, rudi siku moja kabla ya harusi, ama mbili, asubuhi. Siku yenyewe usiguse kitu. Nimeona bwana harusi aliyenyolewa saa kumi na mbili asubuhi, shati jeupe, kola imekaza, tai imekaza, kufika saa tano kuna vidoa vitatu vyekundu kwa kola na picha zote zimepigwa hivyo, mama yake akijaribu kuvifunika na poda. Alikuwa mteja wangu na mimi ndiye nilikubali, ningekataa.

Na kama jaribio likitoa vipele, ata kidogo, usipigane na mwili wako. Harusini nenda na mashine, ile yenye kuacha ndevu kama milimita moja, alafu omba taulo ya moto baada ya mashine badala ya kabla. Utapata ile raha yote, uso unang'aa, na hakuna kitu kimekatwa chini ya ngozi. Wateja wangu wengi wa nywele ngumu ndio wanafanyiwanga hivi kila mara na hawajawahi kunirudia na vipele. Kuna pia ile poda ya kunyolea inanuka kama yai bovu, inayeyusha nywele bila wembe na inasaidia wengine sana. Lakini haiwekwi baada ya taulo ya moto, itakuchoma vibaya, na lazima ujaribu kwanza kwa mkono siku mbili kabla. Dakika zikiandikwa kwa kopo ni hizo, usiongeze moja.

Nyumbani unaweza kujifanyia taulo pia, haitaki bob 800. Oga kwanza, maji ya moto, alafu kitambaa safi cha moto usoni mara mbili tatu ukiwa umekaa tu. Ndio upake povu, na uliache likae dakika moja kabla haujaanza. Wembe mpya wa blade moja, ile ya blade tano inavuta unywele na kuukata chini ya ngozi, kwa nywele zetu ni hasara ya bei ghali.

Sasa mzee. Sukari haimkatazi taulo wala kunyolewa, lakini inabadilisha vitu viwili. Kidonda chake kinachelewa kupona na kinashika vijidudu haraka, ata kile kidogo ambacho wewe ungesahau jioni. Na watu wengine sukari ikikaa miaka mingi ngozi inapunguza kuskia, kwa hivyo usimuulize kama taulo ni moto sana, anaweza kusema ni sawa na inaungua. Fundi apime kwa mkono wake na aifanye vuguvugu kuliko yako. Muulize pia kama anakunywa dawa za kupunguza damu isigande, wazee wengi wanazinywa na hawasemi, hapo mkato mdogo unatoa damu nusu saa. Mimi mzee kama huyo namnyoa na mashine tu. Ngozi ya wazee imelegea chini ya kidevu, ina mikunjo, wembe unaingia kwa mkunjo kabla haujajua, na kuivuta inyooke ndio ule mchezo tumekataa. Namwambia ajaze hewa shavu moja, kama anapuliza chai, natembeza mashine, alafu ya pili. Shingoni namwomba aangalie dari, pole pole, nikiwa nimemshikia kichwa nyuma na kiganja. Alafu taulo zake mbili za vuguvugu, na hapo usimharakishe, mwache alale kidogo. Mpeleke asubuhi akiwa amekunywa chai na amekula, asikae kwa kiti saa nzima na njaa akiwa ashameza dawa zake za sukari.